Njumu za laki sita kwenye mchanga wa Mbagala

Jumamosi asubuhi, jua halijaanza kuuma, wauza mitumba wa Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, wanakuwa wameshatandika maturubai na kupanga njumu jozi kwa jozi, kamba zimefungwa pamoja zisije zikaachana. Vijana wanaofika hapo wana mtindo mmoja. Anaokota, anatazama nembo, anauliza bei, anashtuka au anajifanya hashtuki. Anayeanza kwa kuigeuza njumu akaitazama soli ni mmoja katika kundi zima, na mara nyingi ni mtu mzima: kocha wa timu ya mtaa, au mtu aliyekwishatundika daluga zake na sasa anamtafutia mdogo wake.

Vijiweni ubishi ni uleule miaka yote. Mmoja anasema njumu ghali ndiyo njumu, hizo nyingine ni kujidanganya. Mwenzake anamjibu kwamba hata ya Mchina inatosha, kinachocheza ni mguu. Wanaweza kubishana mpaka magharibi, na wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanabishania bei bila kuutaja uwanja. Mtu anayecheza Charambe, Mbande, Kijichi au nyuma ya shule yoyote ya msingi ya Mbagala hachezi kwenye nyasi. Anacheza mchangani, na mchanga una masharti yake.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo ghali. Nike na adidas hawatengenezi njumu moja kwa kila jina, wanatengeneza ngazi. Mercurial ya Nike ina Elite juu kabisa, inafuata Pro, kisha Academy, na Club inakaa chini. Predator ya adidas nayo ina Elite, Pro, League na Club. Aliye jukwaani hawezi kuzitofautisha. Rangi ni moja, michirizi ileile, na nadhani wamefanya hivyo makusudi ili anayenunua ya chini ajione amevaa ya juu. Bei ndiyo inayowaumbua. Elite huuzwa Ulaya na Marekani kwa dola 250 mpaka 300, ambazo kwa shilingi yetu zinavuka laki sita kabla hujalipia usafiri. Club ya jina hilohilo ni kama robo ya hapo, pengine pungufu.

Hizo laki za ziada zinanunua nini? Kwa sehemu kubwa zinanunua wepesi. Sehemu ya juu ya Elite ni kitambaa kilichofumwa kwa uzi mwembamba, kimepakwa utando mwepesi wa plastiki, na kinaushika mguu kama soksi. Soli yake ni plastiki ngumu iliyokonda, inayojikunja pale kwenye vidole tu na kurudi kwa haraka. Mwaka 2010 adidas walitoa F50 adizero yenye gramu 165. Mwaka 2015 wakatoa chache zenye gramu 99, yaani kama nusu ya uzito wa simu nyingi za siku hizi. Mtu anayekimbia kilomita kumi kwenye mechi moja ana haki ya kuhesabu gramu.

Ila angalia kisichokuwemo kwenye orodha hiyo: kudumu. Mchezaji wa kulipwa aliyefunga mkataba na kampuni haishiwi njumu. Ikilegea anaitupa, nyingine iko kabatini. Uwanja anaochezea unamwagiliwa kabla ya mechi, na viwanja vingi humwagiliwa tena wakati wa mapumziko, ili mpira uteleze na jino la njumu lizame kwenye udongo laini. Aliyebuni Elite hakuwahi kuulizwa itamaliza miezi mingapi. Aliulizwa itamfanya mtu awe mwepesi kiasi gani, kwenye nyasi, zikiwa na maji.

Sasa ilete Mbagala.

Uwanja wetu wa kawaida una mchanga laini juu, unene wa vidole viwili hivi, na chini yake ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya miaka mingi. Mbele ya magoli mchanga umeshahamishwa wote, pamebaki udongo mgumu unaong'aa. Pembeni kuna kokoto, kuna vipande vya chupa, kuna mzizi wa mwembe ambao wachezaji wote wa nyumbani wanaujua na wageni wanaujua baada ya kuanguka. Njumu yenye alama FG chini ya soli, ambayo ndiyo iliyojaa sokoni, ina meno yasiyozidi kumi na kitu, marefu, mengine yamechongwa bapa. Kwenye nyasi yanazama. Kwenye ule udongo mgumu hayazami hata kidogo, kwa hiyo uzito wako wote unasimama juu ya ncha chache, kisigino kikiwa kwenye ncha nne. Ukikanyaga upande mmoja, kifundo kinapinda. Ukikimbilia pembeni kwenye mchanga mwingi, meno yanaingia lakini hayashiki kitu, mchanga unayapisha tu. Kwa hiyo jino refu linakuhujumu kotekote, pagumu na palaini.

Kuna njumu yenye alama TF. Chini yake kuna vijino vya mpira vidogo, makumi kwa makumi, vimetapakaa soli nzima. Vijana wengi wanaidharau kwa sababu inafanana na raba ya kwendea shule, na sura hiyo haimpigishi mtu picha. Lakini uzito unatawanyika, kisigino kinapumua, na mpira wake unang'ang'ania ardhi kavu kuliko plastiki ngumu yoyote. Ingekuwa ni mimi ninayepanga bei pale Rangi Tatu, TF ingeuzwa ghali kuliko FG. Kwa bahati nzuri si mimi, na ndiyo maana TF safi bado unaipata kwa bei ya kutupa.

Alama nyingine mbili utazikuta. AG ni ya nyasi bandia, ina meno mengi mafupi ya duara, nayo inavumilika mchangani kuliko FG. SG ina meno ya chuma yanayofungwa kwa skrubu, kazi yake ni tope zito la Ulaya. Muuzaji akikuambia hizo za chuma ndizo za wachezaji wakubwa, hajakudanganya, ila hakukumalizia. Mchangani chuma kinakuwa kama umevaa misumari, na mwamuzi mwenye akili akikagua viatu kabla ya mechi atakurudisha nje.

Kipindi cha masika hesabu inabadilika. Kuanzia Machi mpaka Mei viwanja vya Mbagala vinageuka madimbwi, mchanga unashikana, na kwa wiki chache FG inafanya kazi iliyotumwa. Ndiyo maana makocha wa zamani walikuwa na jozi mbili, ya jua na ya mvua, zote chakavu. Leo kijana anaweka fedha zote kwenye jozi moja ya kung'aa na kuivaa mwaka mzima.

Kwamba soli hufuata hali ya uwanja si jambo jipya, na waliolitambua mapema walitwaa Kombe la Dunia. Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi ilikutana na Hungary kwenye fainali. Hungary haikuwa imefungwa kwa miaka minne, na siku chache kabla, kwenye hatua ya makundi, ilikuwa imewachapa Wajerumani haohao mabao 8–3. Siku ya fainali ikanyesha mvua. Adi Dassler, mwanzilishi wa adidas, alikuwa pamoja na timu, na viatu vyake vilikuwa na meno ya kufungua na kufunga. Wakafunga marefu yanayofaa tope. Hungary ikaanza kwa kuongoza 2–0, mechi ikaisha 3–2 kwa Wajerumani. Sisemi njumu ndizo zilizofunga mabao matatu. Ninasema mtu aliyeshika ile bisibisi hakuuliza kiatu ni cha bei gani, aliinama akautazama uwanja.

Huku kwetu wapo waliokuwa hawahitaji hata hiyo bisibisi. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza na wachezaji wake wengi walicheza peku, jambo ambalo magazeti ya kule yaliliandika kwa mshangao. Mguu uliokulia ardhini una soli yake. Lakini siku hizi Kanuni ya 4 ya sheria za mpira inamtaka kila mchezaji avae viatu, na hata ndondo za mitaani zinaifuata. Ndipo inapozuka ile biashara ya kuazimana ambayo ukienda mechi yoyote ya mchangani utaiona: anayetoka anakaa chini pembeni ya chaki, anavua, anayeingia anavaa palepale, huku mwamuzi anawapigia filimbi waharakishe. Njumu ni namba 42, mguu ni 40. Soksi mbili, vitambaa kidogo mbele ya vidole, kazi inaendelea. Jozi moja inaweza kucheza dakika tisini zote na wenyewe wakawa watatu.

Na ukitaka ushahidi kutoka nyumbani, upo. Mbwana Samatta amekulia Mbagala, akaanzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon. Akapita Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara ya mwaka 2015 ikamfikia huko. Akiwa Genk alipewa tuzo ya Ubelgiji ya Kiatu cha Mpingo mwaka 2019. Kisha Aston Villa, na tarehe 1 Machi 2020, pale Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, akafunga bao ambalo Mbagala nzima iliamka nalo kesho yake, ingawa Villa walilala 2–1. Alilifunga kwa kichwa. Wabishi wa vijiweni, wa pande zote mbili, wanaweza kulifanyia kazi hilo.

Turudi sokoni, kwa sababu huko ndiko fedha inakopotea.

Kijana wa Mbagala mwenye noti tatu nne za elfu kumi ana njia mbili kubwa. Anaweza kupanda mwendokasi hadi Gerezani, akatembea mpaka mitaa ya Kariakoo, akanunua njumu mpya iliyoandikwa Mercurial, imo ndani ya boksi, ina karatasi nyepesi, inanukia gundi. Au anaweza kubaki Rangi Tatu, au kwenda Tandika, akanunua mtumba: njumu iliyovaliwa na mtoto wa watu huko Ulaya, imekwaruzwa, kamba imebadilishwa, namba ya ndani imefutika nusu. Kwa macho, ile ya kwanza inashinda. Wazazi wengi wanainunua hiyo, kwa sababu hakuna mzazi anayependa kumpa mtoto zawadi iliyochakaa.

Ile ya kwanza, kwa bei hiyo, haiwezi kuwa Mercurial ya kweli. Ni kopi. Mji wa Putian, jimbo la Fujian nchini China, umejulikana dunia nzima kwa viatu vya namna hii. Ulianza kwa kuzishonea kampuni za nje zile za kweli, ujuzi ukabaki kwa mafundi, na viwanda vya pembeni vikaendelea bila kibali. Kopi zina madaraja. Zipo nzuri sana, lakini hizo hazisafiri mpaka kwenye noti tatu za elfu kumi. Zinazofika kwetu kwa bei hiyo zina soli ya plastiki ya kumwagwa tu, ngumu kama kigae, haijikunji mahali pa vidole bali katikati ya unyayo, mahali ambapo mguu wa binadamu haujikunji. Sehemu ya juu imegandishwa kwa gundi bila uzi hata mmoja. Hapa Tanzania sheria ipo, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia na kuteketeza bidhaa bandia zinazokamatwa. Lakini tume haiwezi kusimama kwenye kila meza ya Kariakoo.

Ubaya wa kopi hauko kwenye uchina wake. Ipo njumu ya Kichina isiyo na jina lolote maarufu, ina chapa ambayo hukuwahi kuisikia, soli ya mpira, imeshonwa mbele, inauzwa bei ya chini na haijifanyi kitu kingine. Hiyo naiheshimu. Mwenye kiwanda aliyejua kwamba jina halitamuuzia alilazimika kuweka fedha kidogo kwenye soli. Mwenye kopi amezimalizia zote kwenye mchoro wa nembo. Ukiwa na hakika kwamba fedha yako inatosha mpya ya bei ya chini tu, nunua isiyo na jina.

Mtumba ni habari nyingine. Kwa miaka mingi baada ya uhuru nguo na viatu hivi havikuruhusiwa kuingia kihalali, mpaka milango ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na enzi ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, ikaifanya biashara kuwa ya wazi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na nguo na viatu chakavu hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mbagala haikufuatilia sana mkutano ule, lakini maturubai ya Rangi Tatu yapo pale kwa sababu uamuzi wake haukutekelezwa.

Kwenye turubai, jozi ya Academy au Pro iliyovaliwa msimu mmoja inapatikana kwa bei ya kopi mpya. Mara nyingi ninaamini hiyo ndiyo njumu bora kuliko zote kwa mchangani, kuliko hata Elite, na sababu inachekesha kidogo: ngazi za katikati zinatengenezwa kwa watoto na watu wa ridhaa, ambao wakinunua jozi wanataka iishi. Ngozi yake ya bandia ni nene. Soli ina ulaini. Ni nzito kwa gramu kadhaa, na huo uzito ndio unaozuia mchanga kutoboa pale kwenye kidole kidogo. Elite ya mtumba nayo huonekana, na wauzaji wanaifahamu, wanaitenga pembeni na kuitajia bei ya peke yake. Kile kitambaa chake chembamba kinameza mchanga kila hatua, mchanga unasaga uzi kwa ndani, na siku moja kwenye kona unasikia mguu umetoka wenyewe.

Kabla ya kulipa, geuza. Shika njumu kwa mikono miwili na uikunje. Ikikataa, au ikikunjika katikati, irudishe. Ikikunjika kwenye vidole, tazama kama ule mkunjo una mistari myeupe, maana hiyo ni soli inayojiandaa kukatika. Bonyeza kidole gumba kwenye mshono wa soli na ngozi kuzunguka kiatu chote, hasa ncha ya mbele. Kisha pinda ulimi utafute kibandiko cha ndani. Kwenye adidas halisi kibandiko cha kulia na cha kushoto kwa kawaida hubeba namba za mfululizo zinazotofautiana, na mwenye kopi mara nyingi huchapa moja kwa miguu yote miwili. Nike huweka namba ya mtindo, ukiiandika kwenye simu inatakiwa ikuletee picha ya kiatu hichohicho, rangi hiyohiyo. Muuzaji atakuambia, “Bosi wangu, hiyo orijino, usiogope,” nawe endelea kuandika taratibu, hatachukia.

Kuna hatari moja ya mtumba ambayo haionekani: umri. Povu na gundi za baadhi ya viatu huoza taratibu kwa unyevu hata kama havikuvaliwa. Njumu iliyokaa ghalani miaka minane, ikaingia kwenye belo, ikavuka bahari, ikafika kwenye joto la Dar, inaweza kuwa safi kabisa kwa macho na soli ikabanduka nzima dakika ya kumi. Ukisikia imetoa mlio wa kukauka unapoikunja, au vidole vimebaki na unga, hata kama inang'aa iache.

Mafundi viatu wa pembeni mwa Barabara ya Kilwa wanayajua haya kuliko kampuni. Kwa wachezaji wengi, njumu ikishanunuliwa haiendi uwanjani, inaenda kwa fundi kwanza. Anaishika katikati ya magoti, anachukua kisu cha msumeno uliovunjika alichokinoa mwenyewe, anachonga mfereji mwembamba kuzunguka soli ili uzi ukae ndani usisagwe na mchanga. Anapaka gundi, anasubiri ikauke nusu, anabana. Kisha sindano yenye ndoano kwenye ncha inapita kutoka chini, uzi mnene wa nailoni unavutwa juu, tundu kwa tundu, mpaka unarudi alikoanzia. Mbele kwenye vidole anapiga mstari wa pili. Malipo ni elfu chache. Baada ya hapo njumu haina uzuri wake wa dukani, ina mshono mweupe unaoonekana kutoka mbali, na haibanduki. Kuna njumu za bei rahisi zilizoshonwa hivi ambazo zimeshazika Elite kadhaa.

Kwa wanaopenda hesabu: chukua mfano wa jozi ya elfu thelathini na tano, ongeza elfu tano za fundi, ikamaliza miezi kumi. Umelipa elfu nne kwa mwezi. Kopi mpya ya elfu thelathini na tano ikimaliza miezi mitatu, umelipa karibu elfu kumi na mbili kwa mwezi, na malengelenge juu. Elite mpya ya laki sita na nusu, mchangani, hata ikimaliza miezi sita, inakula zaidi ya laki kila mwezi. Miezi hiyo ni mfano tu, weka yako kulingana na uwanja wako, lakini mpangilio hautabadilika.

Na si njumu peke yake. Mchezo wa padel, ulioanzishwa Acapulco nchini Mexico mwaka 1969 na Enrique Corcuera na ambao sasa unashika kasi hata katika miji ya Afrika Mashariki, una ubishi uleule kuhusu raketi. Uwanja wake ni mita 20 kwa 10, umezungushiwa kuta za kioo na wavu wa chuma, na raketi haina nyuzi. Ni kipande kinene chenye matundu, ndani povu, nje faibaglasi kwa zile za dola hamsini na kaboni kwa zile za dola mia tatu. Ile ghali huwa ngumu, nzito kichwani, na sehemu yake ya kupigia vizuri ni ndogo na iko juu. Mikononi mwa bingwa inatoa risasi. Mikononi mwa anayeanza inapiga mpira pembeni na mtikisiko unashuka mpaka kwenye kiwiko, ambacho baada ya miezi kadhaa kinaanza kuuma hata kwa kushika kikombe. Ya duara, laini, ya faibaglasi, inasamehe. Wenye uwezo wa kununua ghali wanajiumiza kwa fedha zao wenyewe, na kwa kweli siwaonei huruma sana.

Ninaowaonea huruma ni watoto wa miaka tisa mpaka kumi na tatu. Umri huo kisigino bado kinakua, sehemu ya nyuma ya mfupa haijaungana, na kazi ya kukimbia na kuruka juu ya ardhi ngumu huifanya ivimbe. Madaktari wanaufahamu ugonjwa huo kwa jina la Sever. Mtoto anachechemea baada ya mazoezi, anakanyagia vidole, mzazi anadhani amejipiga. FG yenye soli ngumu kwenye udongo mkavu inachochea maumivu hayo. Akademia nyingi za mitaani zinawataka watoto waje na njumu siku ya kwanza, na mzazi anakimbilia Kariakoo kununua kopi ya kung'aa, namba moja zaidi ili aivae na mwakani. Namba iliyozidi ni kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu. Makocha wangeruhusu raba za kawaida zenye soli ya mpira mpaka miaka kumi na miwili, wangewaokoa watoto na wangewaokoa wazazi fedha. Wachache wanafanya hivyo tayari.

Jambo moja la mwisho kuhusu turubai, kwa sababu ni watu wachache wanaolitumia. Njumu za namba 42 na 43 ndizo zinazogombewa, kwa hiyo ndizo ghali na ndizo zilizochoka zaidi. Namba 36 mpaka 38 ni nyingi na hazina foleni. Nyingi ya hizo zilikuwa za watoto wa Ulaya, na mguu wa mtoto unakua upesi, njumu inamwacha kabla haijachakaa. Humo ndimo unapokutana na Pro ambayo meno yake bado yana ncha, kwa bei ambayo muuzaji anaitaja kwa kukata tamaa. Wanaojua ni wasichana. Tangu mpira wa wanawake ushike kasi, huku Simba Queens na JKT Queens wakisikika redioni, timu za wasichana za Temeke zimeongezeka, na mguu wa wengi wao ni huo, 37, 38. Nike walitoa njumu iliyochorwa kufuata mguu wa mwanamke, Phantom Luna, mwaka 2023, kuelekea Kombe la Dunia la wanawake, ikiwa na soli yenye meno yaliyopangwa kwa duara ili goti lisikwame wakati wa kugeuka. Ni ngazi ya juu kabisa, bei yake ni ileile ya laki sita. Ikianza kuonekana kwenye belo, wauzaji wa Rangi Tatu wataiweka kwenye fungu la namba ndogo pamoja na nyingine zote, na ni hao wasichana watakaoigeuza kwanza.